Vyungu Saba na Mguu Mmoja

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza na mimi nimekaa. Sina habari nyingine.

Daktari wa mifupa amesema wiki kumi. Mguu wa kushoto umevunjika mara mbili chini ya goti, na wala si barabarani. Nilikuwa gereji, nashuka kwenye lori lililosimama, injini imezimwa. Miaka ishirini na tisa ya milima na matope haikunigusa, halafu naanguka kutoka kimo cha meza. Madereva wenzangu walicheka mpaka wakakohoa, kisha ndipo wakaninyanyua.

Binti yangu amenileta kwake, ghorofa ya pili. Ana miaka ishirini na saba na anasaga vioo kwenye duka la miwani. Kaninunulia na daftari hili. "Andika, Baba. Ukianza kuzungumza na kuta majirani watasikia." Nilidhani ni utani nikacheka. Yeye hakucheka. Ananihudumia kama muuguzi wa zamu: vizuri, kwa wakati, bila neno la ziada.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Nimehesabu vigae vya sakafu. Mia moja na kumi na mbili, ukijumlisha vilivyokatwa.

Alhamisi, 7 Machi

Ni vilevile mia moja na kumi na mbili.

Jumatatu, 11 Machi

Nyumba hii ina vyungu saba vya mmea mmoja. Majani marefu, magumu, yamesimama wima kama mapanga yaliyochomekwa ardhini, ya kijani chenye mabaka, na mengine yana ukingo wa njano. Wenyewe wanauita mmea wa nyoka. Kimoja bafuni, viwili sebuleni, kimoja chumbani kwake, viwili kwenye korido ambako hata mchana unawasha taa. Cha saba kiko karibu na dirisha langu, na ndicho kikubwa. Nikisimama kwa magongo majani yananifika kifuani. Huo ulikuwa wa mama yake. Ulikaa kando ya kitanda chake mwaka wote alioumwa, na ni miaka sita sasa tangu atuache.

Asubuhi binti yangu akiwa mlangoni nilimuuliza, "Hii mimea nayo inahitaji nini?"

"Haihitaji kitu."

"Hata maji?"

"Nitaimwagilia mwenyewe, Baba. Tafadhali usiiguse."

Akaenda. Sijawahi kuambiwa nisiguse kitu na mtu niliyemlipia ada.

Jumatano, 13 Machi

Kitu kisichohitaji kitu hakipo duniani. Nimegusa udongo wa juu, mkavu kama kiwanja cha mpira. Siku tisa niko hapa na sijaona tone likidondokea vyungu hivi. Nimeumwagilia ule mkubwa kikombe kimoja. Angalau nimefanya kazi.

Ijumaa, 15 Machi

Vikombe viwili.

Jumapili, 17 Machi

Jirani wa mlango wa pili amekuja kunisalimia. Ni muuguzi mstaafu, mwembamba, na mdomo wake haujui breki. Alikuwa rafiki wa mke wangu na ananiita shemeji. Amekaa saa mbili. Ameeleza ugonjwa wa kila mkazi wa jengo hili, kisha akahamia mimea.

"Ndugu yangu alimpa binti yako vile vyungu vingine baada ya msiba," alisema. "Nyumba ina giza, yeye anashinda kazini, mmea gani mwingine ungekubali? Huu hauna kinyongo. Unausahau mwezi mzima, ukirudi unaukuta umesimama vilevile."

"Nasikia unasafisha hewa."

"Shemeji, hewa inasafishwa na dirisha lililo wazi. Huu faida yake ni nyingine. Una uhai, unapendeza macho, na haukulaumu. Watu wangapi unaowajua wana sifa hizo tatu?"

Nikajifanya nasinzia ili aondoke.

Jumatano, 20 Machi

Mvua siku ya sita mfululizo. Nimemwagilia asubuhi, na tena baada ya chakula cha mchana. Magongo yananichubua kwapa. Dirisha linaonyesha ukuta wa jengo la jirani na kipande cha barabara, upana wa gari moja. Nasikia lori likibadilisha gia kabla sijaliona, na mguu wangu wa kushoto, ndani ya plasta, unatafuta klachi.

Jumatatu, 25 Machi

Jani moja la ule mkubwa limelegea kidogo. Kiu, bila shaka. Nimeongeza.

Ijumaa, 29 Machi

Lazima niandike hili kama lilivyokuwa.

Asubuhi, binti yangu alipokwisha kwenda kazini, nililishika lile jani lililolegea nilisimamishe. Likang'oka lote. Halikukatika, lilichomoka tu kama upanga kutoka kwenye ala, na chini lilikuwa laini, la kahawia, likitiririka maji. Harufu yake ni ya kitambaa cha jikoni kilichosahaulika ndani ya ndoo. Nikashika la pili. Nalo likachomoka. La tatu pia.

Nimekaa sakafuni, mguu umenyooka mbele yangu, majani matatu mapajani. Hapo ndipo nilipoona sahani iliyo chini ya chungu imejaa maji hadi ukingoni. Sikuwahi kuitazama.

Niliyarudisha. Nimeyachomeka tena kwenye udongo moja baada ya jingine, nikayaegemeza ukutani ili yaonekane mazima. Mtu mzima wa miaka hamsini na sita.

Jumamosi, 30 Machi

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikudumu hata siku mbili. Leo hafanyi kazi. Alipita na kitambaa chenye unyevu, anafuta majani vumbi kama afanyavyo kila mwisho wa mwezi, na akafika kwenye ule wa mama yake. Nilimsikia akinyamaza. Sijui niandikeje: alikuwa hasemi kitu, halafu akanyamaza.

"Baba. Huu umepata maji."

Nilikuwa na nafasi. Nilikuwa nayo mkononi.

"Mvua," nikasema. "Dirisha lilikuwa wazi, upepo ukaiingiza ndani. Mimi na mguu huu sikuwahi kulifunga."

Alitazama dirisha, akatazama sakafu. "Ni mimi niliyeliacha wazi," akasema. "Nilitaka upate hewa."

Akainama akaanza kupangusa sahani.

Jumatatu, 1 Aprili

Amelifunga dirisha langu kwa komeo na kulizungushia utepe wa gundi. Chumba kina joto la kinywa cha mtu.

Jumatano, 3 Aprili

Muuguzi, yule jirani, amekuja na bakuli la mchuzi. Kabla hajaliweka chini alikwisha kuchomeka kidole chake chote kwenye udongo wa kile chungu. Akakitoa, akakinusa, akanitazama.

"Mvua ya dirishani," alisema, "inalowesha juu. Hapa kumelowa mpaka chini. Shemeji, umeumwagilia mara ngapi?"

Nikajibu kwa sauti ndogo kwamba kila siku, na siku nyingine mara mbili.

"Majira haya ya unyevu! Huu hata wakati wa jua kali unangoja wiki mbili, tatu, udongo ukauke kabisa. Wakati wa mvua mwezi unapita. Maji yake yamo ndani ya majani. Wewe ulikuwa unamlisha mtu aliyeshiba."

Nilitarajia hotuba. Badala yake alitandika magazeti sakafuni, akakilaza chungu, akautoa mmea wote. Mizizi ilikuwa kama tambi zilizochemka kupita kiasi. Akaniletea kisu na kiberiti. "Choma ncha kwanza, kisha ukate. Kilaini chote kitoke. Usikionee huruma." Nilikata. Kati ya mashina yote chini ya udongo tulipata vipande viwili vigumu, vyeupe ndani, kila kimoja na jani lake, na majani manne ambayo nusu ya juu ilikuwa nzima.

"Hivi viwili vikishika vitatoa majani yenye ukingo wa njano kama mama yao," alisema. "Haya majani matupu tutayakata vipande, yanaweza kuota, lakini watoto wake watakuwa wa kijani kitupu. Njano haipiti kwenye jani. Na uyapande upande uliotazama chini uendelee kutazama chini. Ukigeuza, hayaoti ng'o."

Vyote vinalala juu ya gazeti siku tatu vidonda vikauke. Halafu mchanga mwingi, udongo kidogo, chungu cha udongo chenye matundu, na maji hakuna.

Alipokuwa ananawa nilimuuliza kama atamwambia binti yangu.

"Kuhusu mimea?" alisema akiwa amenipa mgongo. "Hilo ni lako." Akafunga bomba. "Mimi nilikaa na mke wako siku mbili za mwisho, shemeji. Mwanao alikuwa anapiga simu yako kila saa. Nilikuwepo pia ile mara ulipopokea."

Akachukua bakuli lake, mchuzi ukiwa bado umo ndani, akagundua, akalirudisha mezani, akaenda.

Alhamisi, 4 Aprili

Sijaandika kitu leo. Nimeketi tu.

Jumamosi, 6 Aprili

Tumepanda, mimi na binti yangu. Nilimwambia kwamba Muuguzi ndiye aliyeuokoa, na hilo ni kweli. Vidole vya binti yangu ni vyepesi mno. Anashika kipande cha jani kama anashika kioo cha miwani, kwa kingo. Aliniuliza, "Umeona wapi kilipokatwa? Weka alama, usije ukageuza." Ni sentensi ndefu kuliko zote alizoniambia wiki hii.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Tajiri, mwenye malori, amepiga simu kuuliza mguu. Nimemwambia unapona. Akasema, "Gari lako linakulilia." Uongo mtupu, na nimeufurahia siku nzima.

Ijumaa, 12 Aprili

Hakuna jipya kwenye vyungu. Nimekatazwa kuvichimbua nione. Nimevichimbua kidogo.

Jumatano, 17 Aprili

Saa sita mchana mawingu yalishuka mpaka nikawasha taa. Dakika ishirini baadaye nikasikia ufunguo mlangoni. Binti yangu. Kalowa chapachapa, viatu mkononi, anahema. Alipita mbele yangu bila salamu, akakagua dirisha la jikoni, la bafuni, la chumbani kwake, akaja kwangu akapitisha kiganja kwenye ule utepe wa gundi.

"Umetoka kazini?"

"Wakati wa chakula. Nimekimbia. Niliona wingu, nikaogopa nimeacha kitu wazi tena."

"Lakini dirisha limefungwa na gundi, mwanangu."

"Najua." Akakamua pindo la nguo yake. "Najua limefungwa, Baba. Siwezi tu kukaa nikijua mvua inanyesha."

Akabadilisha nguo, akarudi kazini kwenye mvua ileile. Hakula. Baadaye Muuguzi akaniambia hiyo ilikuwa mara ya nne. Mara tatu za kwanza nilikuwa nimelala.

Jumapili, 21 Aprili

Nimesema. Naandika mchana huuhuu kabla sijaanza kujipunguzia makosa.

Alikuwa anapiga pasi. Nilimwomba azime pasi akae. Akaizima, hakukaa.

"Mvua haikuingia dirishani," nikasema. "Ni mimi. Nilimwagilia kila siku, wiki mbili na zaidi. Ulinikataza, nikamwagilia."

Kisha, ajabu, mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua ndoo. "Kwa nini hukusema? Nimekuwa kama kichaa na madirisha."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi?"

Ningeweza kuishia hapo. Alikuwa karibu kutabasamu, nilimwona. Hapo ndipo nilipojua kwamba nikinyamaza sasa nitanyamaza mpaka nife.

"Kuna jingine," nikasema. "Mama yako alipokuwa anakata roho, nilikwambia sikupata ujumbe. Nilisema huko njiani mtandao ulikuwa unakatika."

Akauzungusha waya wa pasi mkononi.

"Nilipata. Nilikuwa kituo cha mafuta, asubuhi. Ulisema, 'Baba, Mama anakuita, njoo leo.' Nikasema, 'Sikusikii vizuri.' Nilikusikia vizuri, mwanangu. Kurudi nyumbani ilikuwa mwendo wa siku moja. Nikajaza mafuta nikaendelea mbele. Nikazima simu."

"Kwa nini?"

Miaka sita nimeandaa jibu la swali hili. Kulikuwa na mzigo wa watu, kulikuwa na mkataba, barabara. Yote yalikwisha kinywani.

"Sikutaka kumwona akifa. Nilidhani nikiwa naendesha halitatokea."

Alichukua lile shati aliloanza kulipiga pasi, akalikunja likiwa nusu lina mikunjo. Lilikuwa langu. Akaliweka juu ya kiti kwa adabu kubwa. Akaingia chumbani, akatoka na begi dogo.

"Chakula kipo," akasema. "Mwambie Mama Muuguzi akusaidie kuoga."

Mlango aliufunga polepole. Heri angeubamiza.

Jumatatu, 22 Aprili

Yuko kwa dada wa mama yake. Muuguzi kaniambia. Hakuongeza kitu, na sikujua kwamba anaweza kunyamaza.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua. Nilimchukia mwanamke huyu kwa mdomo wake. Leo kaniosha mgongo bila neno hata moja, nami nikamwomba aongee. Akaongea. Mke wangu, alisema, hakunitukana hata mara moja. Aliuliza tu, "Amefika wapi?" Nao wakamjibu kila mara kwamba niko karibu.

Walimdanganya kwa ajili yangu. Sikuwa peke yangu katika uongo ule, ila mimi ndiye niliyewatuma.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimeviangalia vile vipande viwili. Nimevivuta kidogo sana, kama unavyomvuta mtu mkono wa shati. Vimegoma kutoka. Vimeshika. Vile vya majani bado, Muuguzi anasema miezi. Nimeuondoa utepe wa gundi dirishani, nikalifungua.

Jumatatu, 29 Aprili

Plasta imetolewa. Mguu ni wa mtu mwingine, mzee kuliko mimi na mwenye baridi. Natembea kwa gongo moja.

Jumanne, 30 Aprili

Tajiri kapiga saa tatu asubuhi. Ana lori jipya la tani kumi, gia zinajibadilisha zenyewe. "Mguu wa kushoto hauna kazi mle," alisema. "Utaukunja tu kama abiria. Kesho mzigo unaondoka. Nikutumie gari likuchukue?"

Nikasema litume.

Nilipanga begi kwa dakika sita, mkono haujasahau. Nikashuka ngazi kwa makalio, moja moja, begi shingoni. Gari lilikuja, dereva akanifungulia mlango. Ndani kulikuwa na ile harufu ya viti na dizeli, na nikahisi kifua kikifunguka kwa mara ya kwanza tangu Februari. Wallahi nilifurahi. Ndipo furaha yenyewe ikanitisha. Ilikuwa ileile. Asubuhi ile kwenye kituo cha mafuta, nilipozima simu na kuingiza gia, nilihisi hivihivi, na sijawahi kumwambia mtu yeyote.

"Mzee, tunakwenda?" dereva akauliza.

"Mwambie tajiri mguu umekataa."

"Lakini si umeshuka mwenyewe?"

"Ndiyo. Umeshuka, umekataa."

Kupanda kulinichukua nusu saa. Ngazi thelathini na nne. Leo nimelala sakafuni mkabala na mlango wa mbele, mchana kutwa, nikiamuru mwili usiinuke.

Jumatano, 1 Mei

Mvua imepungua. Nipo.

Alhamisi, 2 Mei

Amerudi. Alifungua saa kumi jioni, akasimama kwenye mlango na begi lake, akanikuta jikoni namenya viazi, vibaya.

"Nilikuja kuchukua nguo," akasema. "Nilidhani umekwisha ondoka. Mama Muuguzi aliona gari."

"Lilikuja. Halikunichukua."

Akaweka begi chini. Alizunguka nyumba, sikumfuata. Nilimsikia akisimama mbele ya dirisha langu, kisha akarudi akavuta kiti, akaketi upande wa pili wa meza. Macho yake yalikuwa yamevimba lakini sauti ilikuwa ya kazini, ile ya mtu anayepima.

"Nataka kujua ulikuwa wapi," akasema. "Sitaki sababu. Nataka saa. Tangu ulipozima simu."

"Zote?"

"Zote. Mimi nitakwambia huku kulikuwa kunatokea nini."

Basi tukaanza. Saa nne asubuhi, nilisema, nilikuwa nyuma ya trekta, siwezi kulipita. Saa nne, akasema, Mama aliomba maji, akanywa kijiko kimoja. Saa saba nilinunua mahindi ya kuchoma nikayatupa. Saa saba, akasema, alikuwa amelala, nikamkata kucha. Jioni nilisimama kwenye mizani ya malori, foleni ndefu, nikasimulia vichekesho, watu walicheka. Hapo akasukuma kiti nyuma. Nilidhani tumekwisha. Kisha akasema: jioni aliuliza umefika wapi, nikamwambia umebakiza kona mbili.

Hakulia, nami sikujipa ruhusa. Viazi vilikuwa vyeusi ndani ya bakuli. Tulipita usiku ule, tukaingia siku ya pili, saa kwa saa, na kila niliposema "sikumbuki" alisema "jaribu," na kweli nilikumbuka.

"Saa tisa na robo mchana," akasema.

Sikuhitaji kuuliza ni saa ya nini.

"Nilikuwa nimeegesha kando," nikasema. "Naosha kioo cha mbele. Kilikuwa safi. Nikakiosha tena. Sikujua kwa nini siwezi kuondoka pale."

Nje mtu alikuwa anafagia maji ya mvua mbele ya duka lake. Nilidhani atainuka achukue nguo zake aende, na ingekuwa haki yake, na ningebaki nimekaa.

Akavuta bakuli, akachukua kisu mkononi mwangu, akaanza kumenya.

"Na saa kumi?" akasema. "Saa kumi ulikuwa wapi?"